Mtoto aliyesema mara moja



Juma hili tunaleta habari ya nyumba yetu wenyewe. Tunaandika "sisi" kwa sababu kosa tunalotaka kulisimulia halikufanywa na mtu mmoja. Tulikuwa mama, mabinti wake watatu, na mtoto wa mama mdogo ambaye hapa tutamwita Furaha. Jina hilo si lake. Mmoja wetu alikwenda kusoma ISP hapa Bukavu na leo anafundisha masomo ya msingi. Yeye ndiye anashika kalamu, lakini maneno ni yetu sote, na Furaha mwenyewe alisomewa kabla hatujayaleta kwa chama.

Furaha alifika kwetu mwisho wa mwaka 1996. Ninyi mliokuwa hapa mnakumbuka mwezi wa kumi wa mwaka ule, watu walivyobeba magodoro kichwani na kushika njia ya Walungu na Kabare. Mama mdogo alifariki njiani. Mtoto alikuwa na miaka minne. Mkristo mmoja aliyemfahamu marehemu alimleta mpaka kwetu Kadutu, mtoto amevaa kiatu chekundu mguu mmoja na sandali mguu wa pili. Mama akampokea kama aliyetoka tumboni mwake. Hakunyimwa bugali wala nguo. Tulilala wanne juu ya godoro moja, na kila usiku alishika nguo ya yule aliyelala karibu naye, hakuiachia mpaka asubuhi. Sisi tulimcheka. Tulimwita "kupe".

Alipolia, mama alimwambia: "Nyamaza. Ni wewe peke yako uliyefiwa?" Haukuwa ukali wa moyo mbaya. Siku zile kila nyumba ilikuwa na msiba wake, na mama alikuwa na wake pia: alikuwa amempoteza mdogo wake na hakuwa amepata nafasi ya kumlilia. Katika nyumba yetu hakuna aliyelia. Tuliona hivyo ndivyo watu wenye nguvu wanavyoishi.

Sasa tunafika kwenye siku yenyewe. Ilikuwa mwaka 2001, siku ya posho, tunachambua maharagi mbele ya mlango. Furaha alikuwa na miaka tisa. Bila kuinua macho kwenye ungo alisema: "Yule mpangaji wa chumba cha nje ananiita kwake mkiwa hampo. Ananishika." Basi. Hakulia. Alisema kama mtu anayesema kwamba bidoni imetoboka.

Sisi mabinti tulimtazama mama. Mama aliendelea kutoa mawe katika maharagi. Kisha akasema: "Maneno hayo usiyatoe tena kinywani. Mtoto mwongo analeta laana nyumbani."

Wamama, tuseme ukweli wote. Mpangaji yule alilipa mwisho wa kila mwezi bila kuchelewa. Feza yake ndiyo ililipa minervali yetu sisi watatu. Sisi tulijua hilo, mama alijua hilo, na tunafikiri Furaha naye, kwa miaka yake tisa, alijua. Mtu yule alihama mwaka uliofuata kwa sababu zake mwenyewe. Hatukumuuliza Furaha neno lolote, naye hakusema tena. Alikuwa amesema mara moja.

Miaka ikapita. Furaha alikuwa na akili darasani, na walimu walimpenda. Lakini kufikia miaka kumi na nne, kumi na tano, tulianza kuona mambo ambayo hatukuweza kuyaeleza. Siku ya kwanza ya juma rafiki fulani alikuwa malaika, hakuna mtu kama yeye duniani. Siku ya ine rafiki yule yule alikuwa nyoka. Tukichelewa sokoni hata nusu saa, tulimkuta mlangoni anatetemeka: "Mlitaka kuniacha." Aliweza kuamka na furaha, saa sita akawa na hasira ya kuvunja sahani, jioni akakaa gizani akisema anasikia tupu ndani yake, kama nyumba iliyohamwa. Dada yetu mkubwa alipokaribia kuolewa, Furaha alichana kitenge cha harusi kwa makasi. Usiku kucha alilala mbele ya mlango wa dada akiomba msamaha. Halafu akaanza kuvaa mikono mirefu hata wakati wa jua kali. Siku tulipoona alama alizojitia mwenyewe mikononi, tulimpiga.

Ndiyo, tulimpiga. Tulikuwa tunaogopa, na hatukuwa na njia nyingine ya kuonyesha kwamba tunaogopa.

Katika kartie watu walisema yao. Wa kwanza walisema ana kiburi. Wengine walisema ana pepo. Kisha likaja lile neno ambalo kwetu linaweza kumtoa mtoto nyumbani: mchawi. Si alikuja baada ya mama yake kufa? Si harusi ya dada ilitaka kuharibika? Tulimpeleka sisi wenyewe katika chumba kimoja cha maombi, akakaa siku tatu bila chakula, watu wakimpigia kelele atamke jina la aliyempa uchawi. Maombi ni mazuri, na sisi ni watu wa kuomba. Lakini siku zile tatu zilimfundisha jambo alilokwisha kulijua tangu siku ya maharagi, kwamba akiwa na maumivu, mwenye kosa ni yeye.

Na mwalimu wetu wa ISP je? Katika kozi ya saikolojia alisoma habari za John Bowlby, mganga wa Uingereza aliyeandika jinsi mtoto mdogo anavyohitaji mtu mmoja wa kudumu wa kumshikamania. Aliandika vizuri sana kwenye mtihani. Jioni ile ile alirudi nyumbani, akamkuta Furaha analia, akamwambia: "Acha tamthilia." Kujua jambo daftarini ni kitu kimoja. Kulitambua kwenye godoro lako mwenyewe ni kitu kingine.

Mwaka 2017 kulikuwa na usiku mmoja ambao karibu tumpoteze kwa mkono wake mwenyewe. Muuguzi wa kituo cha afya alimtibu mwili, lakini hakumrudisha nyumbani hivi hivi. Alimtuma kwa watu wa afya ya akili. Huko mwanasaikolojia mmoja, mama wa makamo, alimpokea kila juma kwa miezi mingi. Baadaye alituita sisi wote. Alitueleza kwamba shida ya Furaha inajulikana duniani, ina jina, na ina njia ya kutoka.

Jina lake ni bordalaini, maana yake ni kitu kilicho mpakani. Mganga mmoja wa Marekani, Adolph Stern, ndiye aliyelitumia mwaka 1938, kwa sababu wagonjwa hawa walionekana kusimama kwenye mpaka kati ya aina mbili za ugonjwa zilizojulikana wakati ule. Tangu mwaka 1980 iko katika kitabu ambacho waganga wa akili wa Marekani wanatumia kupima magonjwa yao. Wanahesabu dalili tisa: woga mkubwa wa kuachwa, upendo unaogeuka chuki na kurudi tena, kutojua mimi ni nani, haraka katika mambo yenye hatari, kama pombe au kutapanya feza, kujiumiza au kutaka kufa, moyo unaobadilika kwa muda wa saa chache, utupu ndani, hasira kali isiyoshikika, na wakati wa shida kubwa, kushuku watu au kujisikia kama mtu ametoka nje ya mwili wake. Mganga anatafuta dalili tano au zaidi, tena ziwe zimekaa miaka. Kwa hiyo, wamama, tusianze kuwapima watoto wetu jikoni. Kila kijana ana hasira zake. Kupima ni kazi ya wenye ujuzi.

Inatoka wapi? Mwaka 1989 mganga Judith Herman na wenzake huko Marekani walitoa matokeo ya mazungumzo na watu wenye shida hii juu ya utoto wao. Kwa kila 100, 81 walisimulia mateso makubwa: kupigwa, kuharibiwa kimwili na watu wazima, kuona watu wakiumizana nyumbani. Mwaka 2020 watafiti wa chuo kikuu cha Manchester, Uingereza, walikusanya tafiti karibu 100 na kukuta kwamba watu 71 kwa kila 100 wenye bordalaini walitaja angalau jambo moja baya la utotoni. Wale 29 wanaobaki pia tusiwasahau. Wako wenye shida hii ambao hawakuteswa na mtu, na wako wengi walioteswa ambao hawakupata shida hii. Watoto hawazaliwi na ngozi moja. Kuna mtoto ambaye neno moja kali linampita kama upepo, na mwingine ambaye neno hilo hilo linamchoma kama maji ya moto.

Mama mmoja Mmarekani, Marsha Linehan, mwanasaikolojia, ndiye aliyetusaidia kuelewa sehemu yetu. Yeye mwenyewe alipokuwa msichana alilazwa muda mrefu katika hospitali ya akili na alikuwa akijiumiza. Alikuja kulisema hadharani mwaka 2011, wakati alikuwa amekwisha kutengeneza matibabu yanayotumiwa leo katika nchi nyingi. Mafundisho yake, kwa maneno yetu ya nyumbani, ni haya: mtoto mwenye moyo mwepesi kuumia akikulia mahali ambapo kila siku anaambiwa kwamba anachosikia si kweli, hajifunzi kuujua moyo wake wala kuutuliza. "Huna njaa." "Hiyo haiumi." "Unasema uongo." "Ni wewe peke yako uliyefiwa?" Mtoto huyo anabaki na njia mbili tu: kunyamaza kabisa, au kupiga kelele mpaka mtu atazame.

Tulipoelezwa hivyo, tulitazamana sisi mabinti watatu. Kila mmoja wetu alikuwa kwenye maharagi.

Mtu anaweza kuuliza: basi vita ndiyo ilimvunja Furaha, au mpangaji, au ninyi? Mwanasaikolojia hakutujibu kwa kunyoosha kidole. Alisema tu kwamba jeraha ni jambo moja, na kubaki nalo peke yako ni jambo la pili, na mara nyingi ni la pili ndilo linalokaa miaka mingi zaidi. Vita hatukuweza kuisimamisha. Mlango wa chumba cha nje tungeweza kuufunga. Na kumwamini mtoto kulikuwa mikononi mwetu, bila kulipa hata franka moja.

Dawa ya kumeza inayoponya shida hii yenyewe haipo, ingawa mganga anaweza kutoa dawa kwa huzuni kubwa au kwa mambo mengine yanayofuatana nayo. Kinachosaidia zaidi ni mazungumzo ya utaratibu na mtu aliyefundishwa, kwa muda mrefu. Mtu anajifunza kutaja anachosikia kabla hakijamkamata, kupitisha saa mbaya bila kujiumiza, kuomba msaada bila kuvunja sahani. Na matumaini yapo kweli. Mwanasaikolojia Mary Zanarini na wenzake, huko Marekani, waliwafuata wagonjwa kama hawa kwa miaka mingi, na baada ya miaka 10 walio wengi sana walikuwa wameachwa na dalili zao kwa muda mrefu. Furaha leo ana miaka zaidi ya thelathini. Anashona, ana cherehani yake. Bado ana siku mbaya. Lakini sasa anatuma ujumbe kwa simu: "Leo ni siku mbaya, msikasirike, njooni." Na tunakwenda.

Tunabaki na habari ya mama. Kwa muda mrefu alikataa kwenda kwa mwanasaikolojia. Alisema: "Mimi nilimlea. Nilimpa chakula changu." Ni kweli, alimpa, na siku nyingine yeye mwenyewe alilala na njaa. Mwaka jana, jioni moja, Furaha alikuja kutusalimia, tukakaa tena mbele ya mlango, safari hii na sombe. Mama alikuwa anachagua majani. Bila kuinua macho akasema: "Mwanangu, siku ile nilikusikia. Nilijua unasema kweli. Niliogopa feza ya minervali. Si wewe uliyeleta laana."

Furaha hakujibu. Alichukua kinu akaanza kutwanga. Alitwanga muda mrefu, sombe ikawa laini kupita kiasi, na hakuna aliyemwambia inatosha. Kisha akasema: "Mama, chumvi iko wapi?" Usiku ule alilala kwetu. Hatusemi kwamba siku moja ilifuta miaka ishirini na zaidi. Tunasema tu kwamba alilala mpaka jua likapanda, jambo ambalo hatukuwa tumeliona kwake.

Wamama wenzetu, hatuwezi kuwafundisha kitu tusichokishindwa kwanza sisi. Lakini kwa yale yaliyotugharimu, tunawaomba haya.

Mtoto akisema kwamba mtu mzima anamshika au anamtisha, acha unachofanya. Mwamini kwanza. Mwambie: "Umefanya vizuri kuniambia, si kosa lako." Mwondoe karibu na mtu huyo siku hiyo hiyo, hata kama mtu huyo ni mpangaji, ndugu, mwalimu au mtumishi wa kanisa. Mpeleke hospitali haraka, usingoje siku nyingi.

Mtoto akilia, msaidie kutaja kinachomliza: "Unaogopa." "Umemkumbuka mama yako." Kutaja uchungu hakumharibu mtoto. Hata sisi walimu tunafanya hivyo darasani sasa, na kelele zimepungua kuliko wakati wa fimbo.

Tuache kutisha watoto kwa kuwaacha. "Nitakurudisha kwa baba yako", "nitakutupa sokoni": kwako ni mchezo, lakini kwa mtoto aliyewahi kufiwa au kukimbia vita, ni habari anayoijua.

Tusimwite mtoto mchawi, na tusikubali aitwe hivyo mbele yetu. Katiba ya nchi yetu ya mwaka 2006, katika kipengele cha 41, inakataza. Sheria ya kulinda mtoto ya tarehe 10 mwezi wa kwanza 2009 inaweka azabu kwa anayemsingizia mtoto uchawi.

Kijana akijiumiza au akisema anataka kufa, tusimpige, tusimcheke, tusiseme anatafuta kutazamwa. Kaa naye, usimwache peke yake, mpeleke kituo cha afya. Hapa Bukavu kuna SOSAME, kituo cha Mafrère wa Upendo kinachopokea wenye shida za akili, na watu wanaokwenda pale si vichaa wa barabarani tu kama tunavyodhani. Wahenga walisema: mficha maradhi, kifo humuumbua. Sisi karibu kiumbue nyumba yetu.

Na kama wewe mwenyewe, mama unayesoma, ulikuwa mtoto aliyesema mara moja na hukusikilizwa, tunakuambia vile vile: hukuleta laana. Bado unaweza kusema. Tafuta mmoja katika chama chetu, au mganga, au hata njoo kwetu siku ya mkutano, tutachambua maharagi pamoja.

Tulipomsomea Furaha maandishi haya, alisikiliza mpaka mwisho bila kukatiza. Pale kwenye siku ya maharagi tulikuwa tumeandika: "Hatukujua la kufanya." Alichukua kalamu, akafuta sentensi yote. Tulimuuliza aandike nini mahali pake. Alisema: "Hapana kitu. Andikeni tu mama aliendelea kutoa mawe." Ndivyo tulivyoandika.